Vijenzi vya Mbinu: Jinsi Mradi wa Programu Unavyoweza Kuundiwa Utaratibu Wake

Katika taaluma ya uundaji wa programu za tarakilishi, neno mbinu halina ile maana ya ujanja au hila ambayo msemaji wa kawaida wa Kiswahili aghalabu hulipa. Huko hutumika kwa maana ya utaratibu mzima wa utendaji: hatua zinazofuatwa, watu wanaozitenda, michoro na hati zinazotokana nazo, pamoja na kanuni zinazoonyesha ni lini hatua moja imekamilika na nyingine yaweza kuanza. Swali linalochunguzwa katika makala haya ni hili: je, mradi wa kuunda programu uichukue mbinu moja iliyokwisha kutungwa na kuifuata kama ilivyo, au uundiwe mbinu yake wenyewe kwa kuunganisha vijenzi vilivyotolewa katika mbinu nyingi na kuwekwa akiba? Wataalamu wanaoshikilia jibu la pili wamejijengea uwanja wa utafiti uitwao uhandisi wa mbinu.

Yamkini msomaji wa lugha atajiuliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, idara za lugha za Kiafrika siku hizi hazitungi kamusi za karatasi tu. Zinakusanya kongoo, zinaunda vihakiki tahajia na vichanganuzi vya mofolojia, na kutafsiri matini ya programu kama ilivyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililopewa jina la Jambo, lilitolewa mwaka 2004. Kazi za namna hii ni miradi ya programu, wapende wanaisimu wasipende, na zinaendeshwa kwa mbinu fulani hata pale ambapo hakuna aliyeitaja. Sababu ya pili ni ya kinadharia. Wahandisi wa mbinu walipotaka kueleza vijenzi huungana vipi na ni miungano gani isiyokubalika, walijikuta wakiyauliza maswali ambayo wanasarufi wameyauliza kwa karne nyingi, na katika jambo moja walibisha hodi katika nyumba ya isimu waziwazi.

Chimbuko la mjadala

Mnamo Oktoba 1968, kwenye mkutano uliodhaminiwa na NATO mjini Garmisch nchini Ujerumani, wataalamu walikiri kwamba programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi gharama zilizokadiriwa, na zikitolewa zikiwa zimejaa makosa. Hapo ndipo istilahi ya uhandisi wa programu ilipoenea. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa nidhamu, na nidhamu ilitafsiriwa kuwa mbinu. Mwaka 1970 Winston Royce alichapisha makala yenye mchoro wa hatua zinazoteremka moja baada ya nyingine: mahitaji, uchanganuzi, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, na utumizi. Jambo la kusikitisha ni kwamba Royce mwenyewe alionya kuwa kuzifuata hatua hizo bila kurudi nyuma ni hatari, akaonyesha jinsi ya kurudi. Lakini wasomaji wengi waliuchukua mchoro wakaliacha onyo.

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa miaka ya mbinu nzima. Kila mwalimu mwenye sifa alitunga yake, na taasisi kubwa zikaamuru moja itumike na wote, kama serikali ya Uingereza ilivyofanya kwa mbinu iliyoitwa SSADM. Kufikia mwaka 1994 Nimal Jayaratna alikadiria kwamba mbinu zenye majina yake zilikuwa zimezidi 1,000. Wingi huo ni ushahidi wa kutosha kuwa hakuna hata moja iliyotosheleza. Mradi wa kutunza hesabu za benki na mradi wa kuongoza injini ya ndege hutofautiana kwa hatari iliyopo, kwa uthabiti wa mahitaji, kwa idadi na ujuzi wa watendaji, na kwa uhusiano wao na watakaoitumia programu. Hapana budi mbinu zitofautiane pia.

Leon Osterweil, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Monterey, California, mwaka 1987, alilisogeza wazo mbele. Alidai kwamba utaratibu wa kuunda programu nao una tabia ya programu: waweza kuandikwa kwa lugha rasmi, ukajaribiwa, ukasahihishwa, na sehemu zake zikatumiwa tena mahali pengine. Miaka 5 baadaye, mwaka 1992, Kuldeep Kumar na Richard Welke walipendekeza kwamba mbinu zijengwe kwa kuzingatia hali ya mradi husika, kutokana na vipande vilivyokwisha kuthibitika. Sjaak Brinkkemper akaupa uwanja huu fasili na jina lake katika makala ya mwaka 1996, na Frank Harmsen, katika Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi, akautolea tasnifu iliyokamilika mwaka 1997.

Kati ya mtumba na nguo ya kushonesha

Harmsen na wenzake walieleza kwamba suala hili si la ndiyo au la. Kuna ngazi za unyumbufu. Katika ngazi ya chini kabisa mradi hupewa mbinu moja ngumu isiyobadilika. Ngazi inayofuata huruhusu kuchagua moja kati ya mbinu ngumu kadhaa. Ya tatu huruhusu kuchagua njia ndani ya mbinu moja yenye njia mbalimbali. Ya nne, kuchagua muhtasari wa mbinu na kuurekebisha. Na ya juu kabisa ni kuijenga mbinu upya kutokana na vijenzi.

Mfano wa mavazi wafaa hapa. Mtu aendaye kwenye soko la mitumba huivaa nguo aliyoikuta, au huchagua moja kati ya kumi akaridhika na ile iliyomkaribia. Mwingine huinunua kisha humpelekea fundi cherehani aipunguze kiunoni. Wa tatu hununua kitambaa na kupimwa. Mfano huu, hata hivyo, waficha jambo moja: fundi wa uhandisi wa mbinu haanzi na kitambaa kitupu. Anazo mikono, kola na mifuko iliyokwisha kushonwa na mafundi wengine kwa ajili ya wateja wengine, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba mkono wa shati la mtu mmoja waweza kuungwa na bega la shati la mwingine bila kuvuta. Ugumu wote wa taaluma hii umo katika ule mshono.

Kijenzi ni nini?

Brinkkemper na wenzake walivigawa vipande vya mbinu katika aina mbili kuu. Kuna kipande cha zao, yaani kitu kinachotolewa na kazi: hati, mchoro, orodha, programu yenyewe. Kuna pia kipande cha utendaji, yaani kitendo au mfululizo wa vitendo vinavyolitoa zao hilo. Mchoro unaoonyesha hali mbalimbali ambazo kitu chaweza kuwamo ni kipande cha zao. Maelekezo ya kuzitambua hali hizo na kuzipanga ni kipande cha utendaji. Vipande huwa vya ukubwa mbalimbali pia, kuanzia mbinu nzima, hatua yake, kielelezo, mchoro mmoja, hadi dhana moja tu iliyo ndani ya mchoro. Mtaalamu wa isimu ataona hapa daraja anazozijua, kutoka matini hadi mofimu, na pengine ataelewa haraka kuliko mhandisi kwa nini kanuni za daraja moja hazihamishiki tu hadi nyingine.

Vipande hivi huwekwa katika ghala la mbinu. Kila kimoja hubandikwa maelezo: kinafaa mradi wa ukubwa gani, kinahitaji ujuzi gani, kinadai pembejeo zipi, kinatoa nini. Mhandisi wa mbinu huanza kwa kuipima hali ya mradi, huchagua vipande vinavyooana na vipimo hivyo, huviunganisha, kisha mradi ukiendelea hurudisha ghalani habari za jinsi vilivyofanya kazi. Harmsen aliunda lugha maalumu ya kuandikia vipande na mashine ya kuvihifadhi iliyoitwa Decamerone. Nchini Finland kukaundwa MetaEdit+, ambayo humwezesha mtaalamu kuunda lugha zake za michoro.

Kundi la Paris, likiongozwa na Colette Rolland katika Chuo Kikuu cha Paris 1 Panthéon-Sorbonne, lilipendelea kuviweka pamoja zao na utendaji wake katika kitu kimoja, ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa fungu ili kukitofautisha na kipande. Kila fungu lina kichwa kinachotaja hali ambamo linatumika na kusudi linalotimizwa. Hapa ndipo isimu ilipoingia. Kusudi lisipoandikwa kwa utaratibu, ghala hugeuka kuwa kabati la hati zisizotafutika. Kwa hiyo watafiti wa kundi hilo walitaka sarufi ya kuandikia makusudi. Waliipata katika sarufi ya uhusika ambayo Charles Fillmore aliitoa mwaka 1968. Kusudi likawa na kitenzi, na kitenzi kikawa na wahusika wake: kinachotendwa, matokeo, chanzo, anayenufaika, njia, na namna.

Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini na wanasarufi wa Kiswahili. Lugha za Ulaya huwaonyesha wahusika hao hasa kwa vihusishi na kwa mpangilio wa maneno, ilhali Kiswahili hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo ndani ya kitenzi. Mtu aandikapo kukusanya maneno, kukusanyia watumiaji maneno, na kukusanyisha maneno, ametaja makusudi matatu yenye wahusika tofauti kwa kubadili kiambishi tamati tu. Kauli ya kutendea humleta mnufaika, na kauli ya kutendesha hufichua kwamba kuna mtu mwingine atakayeifanya kazi yenyewe. Ghala la mbinu lililoandikwa kwa Kiswahili lingeweza kupangwa kwa kauli za vitenzi. Hadi sasa, kwa kadiri maandishi ya uwanja huu yanavyoonyesha, mijadala yake mikuu imeendeshwa kwa Kiingereza, na sarufi ya makusudi imebaki ikiongozwa na muundo wa sentensi za lugha hiyo na jamaa zake.

Kanuni za kuunganisha

Mwaka 1999 Brinkkemper, Motoshi Saeki na Harmsen walichapisha kanuni za kuviunganisha vipande. Si zote zinazohitaji kuelezwa hapa, lakini chache zina uzito. Vipande viwili haviwezi kuungana ikiwa hakuna dhana wala uhusiano wowote unaoviunganisha. Baada ya kuungana pasibaki sehemu iliyotengwa isiyofikiwa kutoka sehemu nyingine. Jina moja lisitumike kwa dhana mbili tofauti. Na kwa upande wa utendaji, sharti liwepo zao ambalo kipande kimoja hulitoa na kingine hulipokea, ama sivyo kuviweka pamoja ni kuvirundika tu.

Kuna kishawishi cha kuzilinganisha kanuni hizi na mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili. Katika neno alimpikia, nafsi hutangulia njeo, njeo hutangulia yambwa, na mzizi hufuatwa na kauli. Ukibadilisha nafasi hizo hupati neno jingine bali hupati neno kabisa. Mlinganisho huo wasaidia, lakini una mpaka wake. Mpangilio wa mofimu umetolewa na lugha, na msemaji hana uwezo wa kuujadili. Mpangilio wa vipande vya mbinu hutokana na nani anahitaji zao la nani, na kwa hiyo waweza kubadilika mradi unapobadilika. Kwa maneno mengine, uhandisi wa mbinu una sintaksia isiyokuwa na wazawa wa kuulizwa kama sentensi fulani yakubalika. Anayeamua ni matokeo, nayo huja yakiwa yamechelewa.

Njia nyingine ya kuongoza uunganishaji ilitokea katika mfumo uitwao OPEN, uliojengwa kuanzia miaka ya 1990 na Brian Henderson-Sellers, Ian Graham, Donald Firesmith na wenzao. Badala ya kanuni za kukubali au kukataa tu, wao walitumia majedwali. Upande mmoja huandikwa shughuli, upande mwingine kazi zinazoweza kuzitimiza, na katika kila makutano hutiwa mojawapo ya hukumu tano: la lazima, linalopendekezwa, la hiari, lisilopendekezwa, na lililokatazwa. Msomaji aliyekulia pwani hatakosa kutambua kwamba wanafikihi walitumia mgawanyo wa namna hiyohiyo karne nyingi kabla ya tarakilishi: faradhi, suna, mubaha, makuruhi, haramu. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Inatosha kuona kwamba Kiswahili kinayo tayari, tena katika matumizi ya kila siku, istilahi kamili za kazi hii, na kwamba kuzitafuta upya kwa kutafsiri Kiingereza kungekuwa kupoteza wakati.

Mwaka 2007 kilitolewa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 24744 kuhusu kielelezo cha kuelezea mbinu, na mwaka 2008 shirika la Object Management Group likatoa toleo la pili la SPEM. Mchango mkubwa wa SPEM ni kutenganisha maudhui ya mbinu na mpangilio wake katika wakati: kazi ya kujaribu programu huelezwa mara moja ghalani, kisha huitwa mara kumi katika miradi kumi, kila mara mahali tofauti. SPEM huruhusu pia kijenzi kimoja kuchangia kingine, kukirithi, au kukichukulia nafasi bila kukifuta cha asili.

Yanayotokea kazini

Wako wanaoutilia shaka uwanja huu, na shaka yao si ya bure. Kulijenga ghala ni gharama kubwa kabla ya faida yoyote kuonekana. Taasisi ndogo haina mtu wa kuajiriwa kuwa mhandisi wa mbinu. Isitoshe, watu kazini hawafuati mbinu kama zilivyoandikwa hata zikiwa zao wenyewe. Brian Fitzgerald, aliyetafiti sana nchini Ireland, alionyesha tofauti kati ya mbinu ya kitabuni na mbinu itendwayo. Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kutoa tamko la mbinu nyepesi, walikwenda mbali zaidi: walisema wanawathamini watu na mahusiano yao kuliko taratibu na vifaa.

Hata hivyo mbinu nyepesi zenyewe ndizo zilizotoa ushahidi mzuri kwa hoja ya vijenzi. Mbinu ya XP, iliyoelezwa na Kent Beck katika kitabu chake cha mwaka 1999, ilikuwa na desturi 12, na baadhi ya watetezi wake walisema kwamba desturi hizo zashikamana, hivyo mtu asichukue hii akaacha ile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Fitzgerald, Gerard Hartnett na Kieran Conboy waliifuatilia kampuni ya Intel katika kituo chake cha Shannon kwa miaka 3. Wahandisi wa huko walichukua baadhi ya desturi za XP, wakaacha nyingine kwa makusudi, na kuziunganisha walizozichukua na mbinu ya Scrum, ambayo hupanga kazi katika vipindi vifupi. Watafiti waliripoti kwamba msongamano wa makosa katika programu ulipungua hadi sehemu moja ya saba. Mradi mmoja hauthibitishi kanuni, lakini ule usemi kwamba mbinu haigawanyiki haukusimama.

Pengine kwa sababu hiyo juhudi za karibuni zimejitahidi kuwa nyepesi. Kiwango kiitwacho Essence, kilichotolewa na Object Management Group mwaka 2014 baada ya kazi iliyoanzishwa na Ivar Jacobson na wenzake mwaka 2009, kina kiini cha mambo 7 tu ambayo kila mradi unayo: fursa, wahusika wenye haja, mahitaji, mfumo wa programu, kazi, kikundi, na namna ya kutenda. Desturi huchomekwa juu ya kiini hicho kadiri zinavyohitajika.

Mfano: kihakiki tahajia cha Kiswahili

Ili kuona yaliyoelezwa yanafanyaje kazi, na tuseme idara moja ya lugha imepata fedha za kuunda kihakiki tahajia. Ina wanaleksikografia watatu ambao pia wanafundisha, na mwandishi mmoja wa programu. Mfadhili anadai ripoti kila miezi mitatu. Kwa kawaida idara kama hiyo huingia katika mojawapo ya makosa mawili. Ama humwachia mwandishi wa programu atumie mbinu aliyoizoea chuoni mwake, na wanaisimu wakageuzwa kuwa watoa orodha. Ama huendesha kazi kama inavyoendeshwa kamusi ya karatasi, herufi A hadi Z, na mwandishi wa programu akakaa bure hadi karibu na mwisho, kisha akalaumiwa kwa kuchelewa.

Mhandisi wa mbinu angeanza kwa kuipima hali. Kanuni za tahajia na mofolojia ya kitenzi zinajulikana vizuri na hazibadiliki mwezi hadi mwezi. Kwa sehemu hiyo, vipande vya zile mbinu za kale vinavyotaka maelezo kamili yaandikwe kwanza vinafaa sana, na ni makosa kuvidharau kwa kuwa vimepitwa na mtindo. Msamiati, kwa upande mwingine, hautulii: istilahi mpya, majina ya watu na mahali, maneno ya lahaja, mikopo ambayo haijakubaliana na tahajia moja. Hapo panafaa vipindi vifupi vya Scrum na ile desturi ya XP ya kuandika jaribio kabla ya programu. Mradi mmoja, basi, wataka vipande vya familia mbili ambazo vitabu vya kiada huzieleza kama mahasimu.

Mshono unaanza kuvuta mahali pasipotarajiwa, yaani kwenye dhana ya neno. Katika kipande kilichotoka kwa mwandishi wa programu, neno ni mfululizo wa herufi uliopo kati ya nafasi mbili tupu. Katika kipande kilichotoka kwa wanaleksikografia, neno ni kidahizo. Watakapotufikia ni neno moja jipya kwa yule wa kwanza; kwa wa pili si neno jipya hata kidogo, ni umbo la fika. Kwa hivyo ni maneno mawili kwa yule wa kwanza. Kwa wa pili ni kiunganishi kimoja. Ripoti ya miezi mitatu ikisema kwamba programu yatambua maneno elfu ishirini, hakuna ajuaye ni mafanikio au ni aibu, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili, kwa kuunganisha nafsi, njeo, urejeshi, yambwa na kauli, chaweza kutoa maelfu ya maumbo. Kila upande utaamini kwamba mwenzake amefanya kazi kidogo. Ugomvi wa namna hii hutajwa kuwa wa tabia za watu, ilhali ni uvunjaji wa ile kanuni ya jina moja kwa dhana moja.

Dawa yake imo katika kanuni zilezile. Jina neno liondolewe katika hati za mradi, mahali pake pawekwe umbo na kidahizo. Lakini dhana hizo mbili zikiachwa hivyo, vipande vitakuwa vimetengana. Kwa hiyo yahitajika dhana ya tatu ya kuviunga, nayo ni uchanganuzi, unaosema umbo hili latokana na kidahizo kile kwa mofimu hizi. Sasa kuna zao ambalo upande mmoja hulitoa na mwingine hulipokea. Wanaleksikografia hutoa vidahizo pamoja na aina zake na kanuni za kuambisha. Mwandishi wa programu hurudisha maumbo yaliyoshindikana kuchanganuliwa katika kongoo, nayo huwa ndiyo kazi ya kipindi kinachofuata. Kinadharia jambo hili si geni. Kimmo Koskenniemi alitoa mwaka 1983 mofolojia ya ngazi mbili, inayounganisha umbo la juu na umbo la ndani, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akaitumia kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985 katika kazi iliyozaa mfumo wa SALAMA, akikisahihisha kichanganuzi kwa kukijaribu juu ya matini halisi mara kwa mara.

Baada ya hapo jedwali la hukumu tano laweza kujazwa. Jaribio kwa kila kanuni ya kuambisha ni faradhi. Kipindi cha wiki mbili ni suna wakati wa masomo, lakini ni makuruhi wakati wa mitihani, kwa kuwa wanaleksikografia watatu hawatakuwapo na kipindi kitafungwa bila zao. Wakati huo afadhali kipindi kirefushwe hadi wiki sita kuliko kujidanganya. Kubadili tahajia sanifu ndani ya programu kwa uamuzi wa mtu mmoja ni haramu. Desturi ya XP inayowataka waandishi wawili wa programu wakae kwenye tarakilishi moja haiwezekani, maana mwandishi ni mmoja. Hapa ndipo ule uwezo wa kijenzi kuchukua nafasi ya kingine unapofaa: kijenzi kipya kiandikwe ambamo mwandishi wa programu hukaa na mwanaleksikografia, mmoja akiandika kanuni na mwenzake akisoma maumbo yanayotoka papo hapo. Kijenzi hicho hakimo katika vitabu vya XP. Kikirudishwa ghalani kikiwa na maelezo ya hali iliyokizaa, yaani mwandishi mmoja, wanaisimu watatu, lugha ambishi bainishi, idara jirani ya Kikamba au Kigikuyu itakayoanza kihakiki chake itakikuta hapo, na haitahitaji kujua chochote kuhusu Garmisch wala Twente ili kukitumia.